Wamama wa kujaza listi

Juzi nilipewa kazi ya kuandika ripoti ya mkutano katika sekta moja tunakofanyia kazi ya mbegu. Sekta ilikuwa inatengeneza mpango wake wa maendeleo. Kwenye listi ya waliofika kulikuwa wanaume 23 na wamama 19. Nikaandika: "Wamama waliwakilishwa vizuri." Ni mimi niliandika ile sentensi, na inaniuma mpaka leo.

Juu mimi pia njo nilikuwa nanoti maneno. Katika masaa matatu, wamama walisema mara mbili. Mmoja aliomba kisima. Mwengine aliuliza mkutano unaisha saa ngapi, mihogo yake iko ndani ya maji tangu siku nne. Watu wakacheka. Mpango ulipotoka, cha kwanza ni ofisi mpya ya sekta. Kisima hakimo.

Tunapenda kusema sheria iko. Ndiyo, iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inampa mwanamke haki ya kuwakilishwa kwa usawa katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikarudilia. Lakini sheria ya uchaguzi, nayo ya 2006, iliandika kwamba listi isiyofikia usawa haitakataliwa kwa sababu hiyo. Sasa ni haki gani hiyo, ukiivunja hakuna kinachokupata? Mwaka 2022 wakaongeza sukari: chama kikiweka nusu ya wamama kwenye listi, hakilipi dhamana. Vyama vikatafuta majina.

Tuangalie vile viti vinagawanywa. Unapigia mtu mmoja kura, lakini kura inahesabiwa kwanza kwa listi yote, kisha kiti kinaenda kwa mwenye kura nyingi ndani yake. Mama aliyewekwa bila picha wala makuta ya kampeni analeta kura za familia yake na za sokoni, zinapandisha listi, na kiti anakaa mwanaume mwenye makuta. Chama kimekwepa dhamana na kimepata kura zake. Yeye anarudi sokoni kulipa taksi ya kila siku, ile ile ambayo washauri wa komini watapanga matumizi yake.

Na hiyo ni mjini. Washauri wa komini waliochaguliwa Desemba 2023 ni wa komini za miji mikuu ya majimbo tu. Kwenye masekta na usultani, kule mashamba iko, hata hiyo listi hawakuiona.

Tulifurahi 2024 Judith Suminwa alipokuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza. Nilifurahi pia. Lakini sisi wenye liseansi, tukiombwa mjumbe, tunatuma nani? Paka yule anayeongea Kifaransa kizuri. Mpango wa sekta ulisomwa kwa Kifaransa, kurasa 40, mbele ya watu wanaoongea Kiswahili na Kisanga. Hakuna aliyesimama kusema hasikii. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Nimeenda kuomba mpango usomwe upya kwa Kiswahili, mchana, wakati wamama wametoka shamba. Karani hakukataa. Alisema nilete barua ya maombi, kopi tatu, kwa Kifaransa.