Kontroli Boksi Husingiziwa

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mkoani Simiyu, malori hayalali. Pamba hutolewa kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, huko Kimali na vijiji vya jirani, ikapelekwa kwenye viwanda vya kuchambulia kupitia njia za udongo mweusi wa mbuga ambao mvua zikikatika hukauka na kubaki na mashimo yanayolegeza kila boliti. Gari likizimika huko, siku hizi lawama haianzii tena kwenye pampu ya dizeli. Dereva anapiga stata mara mbili, taa ya injini inawaka, basi hukumu imeshatoka: kontroli boksi imekufa.

Boksi lenyewe, yaani kompyuta ya injini, ni la alumini, limefungwa ubavuni mwa injini au ndani ya kabini, na bei yake inaweza kumfilisi mwenye lori. Fundi umeme mzuri wa magari ni yule anayelikingia kifua mpaka ushahidi umshinde.

Ufundi huu una umri mdogo kuliko malori yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi wa karanga wa Kongwa ulileta Tanganyika mashine zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Zilisumbua sana, lakini ubovu wake ulikuwa wa kuonekana: chuma kimevunjika, mnyororo umekatika. Hata lori la jeshi la Marekani la M35, lililoanza kutumika miaka ya 1950, lilimhurumia fundi. Nyaya zake zilivishwa vibati vya namba, hivyo aliyeshika mchoro aliweza kuufuata waya kutoka swichi hadi taa bila kubahatisha.

Mambo yalibadilika kwenye M1078, lori jingine la jeshi hilo. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na injini ya Caterpillar 3116, ambayo mfumo wake wa dizeli ni wa kimakanika. Toleo la A1 likaja na 3126. Katika injini hiyo, nozeli husukumwa na oili yenye mgandamizo mkubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua dizeli iingie lini na kwa kiasi gani. Kompyuta haina macho. Inajua tu kile inacholetewa na waya. Waya ukisema uongo, injini nzima inaufuata, na hapo lori la jeshi la Marekani halina tofauti na Scania iliyokwama na pamba mgongoni.

Fundi anayejua kazi huanzia kwenye betri, hata kama mwenye gari anamharakisha. Malori makubwa kwa kawaida ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Redio aliyonunua dereva ni ya volti 12, kwa hiyo mtu amevuta waya kutoka betri moja tu. Baada ya muda betri hiyo inakaa na njaa huku mwenzake akivimbiwa. Stata ikipigwa, umeme unaporomoka, kompyuta inazima kwa nukta moja, injini inazunguka bila kuwaka. Kumbe kilichohukumiwa kuwa kontroli boksi ni muziki wa dereva.

Halafu kuna mchomeleaji. Bodi imepasuka, anachomelea chasisi bila kuondoa nyaya za betri wala soketi za kompyuta, na mkondo wa mashine yake unajitafutia njia ya kurudi. Huyu ndiye anayeua boksi kweli.

Lakini uhodari wenyewe unaonekana pale kifaa cha kusomea kinapotoa namba. Tuseme ni 110, yaani joto la maji ya injini, ikifuatwa na 3, maana yake volti imepanda kupita kiasi. Asiyejua atanunua sensa. Anayejua huchomoa soketi ya sensa, akaunganisha pini zake mbili upande wa waya kwa kipande cha waya, kisha anasoma tena. Kosa likigeuka kutoka 3 kuwa 4, volti imeshuka, basi boksi limeona alichofanya: nyaya nzima, kompyuta hai, na mashaka yamebaki kwa sensa na soketi yake. Likigoma kubadilika, safari ni ya kuufuata waya, kama mchungaji wa Kisukuma anavyofuata kwato za ng'ombe aliyepotea.

Kuna mtego mmoja ambao mita humtegea fundi mgeni. Waya wa umeme mkuu wa kompyuta ukisuguliwa na chasisi mpaka ukabaki na uzi mmoja wa shaba, mita ya omu itasema ni mzima, kwa sababu mita hupima kwa mkondo mdogo sana. Fundi mkongwe huchomoa ncha zote mbili ili asiunguze kitu, akaufunga waya kati ya betri na balbu ya taa ya mbele. Ikiwaka kwa unyonge, waya umekwisha. Balbu ya bei ndogo imekishinda kifaa cha laki kadhaa, na hilo halina budi kumfurahisha mtu yeyote anayependa kazi safi.

Nyaya za mawasiliano, zile mbili zilizosokotwa pamoja, hazijaribiwi kwa balbu. Betri ikiwa imetolewa, mita isome omu 60 kati yake, kwa kuwa kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika.

Shida inayobaki ni malipo. Mteja aliyeona nati ikifunguliwa hulipa bila ubishi. Aliyeona fundi amelala chini ya kabini saa tatu, akatoka na sentimita tano za waya ulioota kutu ya kijani, huuliza kwa nini anadaiwa pesa nyingi kwa tepu na risasi. Ndiyo maana baadhi ya mafundi siku hizi hutaja bei mbili kabla ya kugusa gari, moja ya kutafuta na nyingine ya kutengeneza, na ile ya kutafuta hulipwa kwanza.