Wanaosoma Mgongo wa Picha

Mpe mkusanyaji wa kweli picha ya kale ya besiboli, hatahangaika kwanza na mchezaji. Ataishika kingoni kwa ncha za vidole, ataigeuza, aanze na mgongo. Nilimtazama mzee mmoja nchini Marekani akiifanya kazi hiyo. Uso wa picha ulilala juu ya kitambaa cheupe, naye akapitisha kioo cha kukuzia, polepole, juu ya muhuri uliofifia wa shirika la picha za habari: Bain News Service, New York. Chini ya muhuri kulikuwa na kikaratasi cha maelezo, gundi yake imekuwa rangi ya chai, na mistari myekundu ya mhariri aliyeonyesha pa kukatwa. Mwingine angeuita uchafu. Mzee alisoma humo safari ya picha ile tangu chumba cha giza hadi meza ya gazeti.

Ndipo alipoigeuza na kuiinamisha dirishani. Sehemu nyeusi zikatoa mng'ao wa kibuluu, ile fedha ambayo miaka huisukuma ijitokeze juu ya karatasi. Kisha akawasha taa ya urujuanimno. Karatasi za kabla ya miaka ya 1950 hazikutiwa kemikali za kuzing'arisha, kwa hiyo chini ya taa hiyo hubaki zimepooza. Inayowaka weupe imezaliwa baadaye, hata kama imebeba sura ya nyota wa zamani Babe Ruth akiwa kijana.

Wakusanyaji huzigawa picha katika daraja nne. Inayothaminiwa kuliko zote ni iliyosafishwa kutoka negativu yenyewe, ndani ya miaka kama miwili tangu ipigwe. Naona wana haki. Mfano ni Charles Conlon, aliyekuwa msahihishaji wa gazeti New York, kamera ikiwa kazi yake ya pembeni. Mwaka 1910, katika uwanja wa Hilltop Park, alimnasa mchezaji Ty Cobb akiteleza kuingia besi ya tatu, vumbi limetimka, taya zimekazwa, mlinzi wa besi hiyo, Jimmy Austin, akiyumba mbele yake. Conlon mwenyewe hakuwa na hakika kama ameipiga picha hiyo, mpaka aliposafisha kioo chake cha negativu. Nakala ya wakati ule ilitoka siku zile zile za kazi yake. Iliyochapwa miaka hamsini baadaye inatuonyesha Cobb tu.

Kinachoniuma ni kwamba magazeti mengi yalipohamia kwenye kompyuta, yalifungua makabati, yakaskani nyuso, kisha karatasi zikauzwa kwa mafungu au zikatupwa. Sura zikabaki. Mgongo ukaenda na tarehe, na mpiga picha, na jina la kijana wa tatu kutoka kushoto.

Hasara hii ya majina iliwaangukia zaidi wachezaji weusi. Mpaka Jackie Robinson alipoingia timu ya Brooklyn Dodgers mwaka 1947, ligi kubwa ziliwafungia mlango, na kamera za mashirika makubwa hazikuwafuata sana. Waliowapiga picha ni watu wao wenyewe, kama Charles "Teenie" Harris wa gazeti la Pittsburgh Courier, aliyekuwa jirani na timu za weusi za Crawfords na Homestead Grays. Negativu zake, takriban 80,000, zilinunuliwa na Carnegie Museum of Art mwaka 2001. Nyingi hazikuwa na majina. Jumba hilo likalazimika kuwaita wazee wa mtaa watazame nyuso na kuwataja watu waliowajua, kazi ambayo penseli ingeimaliza kwa dakika moja siku picha iliposafishwa.

Basi wewe mwenye picha ya timu ya babu yako, usiibandue kwenye kadi yake wala kukata kingo ili ienee kwenye fremu. Waulize wazee waliobaki, kisha andika nyuma, kwa penseli laini na bila kukandamiza: ni nani, wapi, mwaka gani.