Anayejenga na Anayehamia

Kwenye baraza nyingi za Afrika Mashariki, pale dari ya zege inapokutana na ukuta, hubandikwa kiota cha tope chenye umbo la kibuyu kilicholazwa: chumba cha duara, kisha shingo nyembamba inayoambaa na dari. Mjenzi ni mbayuwayu mwenye utosi wa rangi ya kutu na michirizi myeusi kifuani. Dume na jike hujenga pamoja. Mvua ikinyesha hushuka kwenye tope, hubeba donge moja moja mdomoni na kulipachika juu ya lile lililoanza kukauka. Kazi hiyo haina haraka. Ukuta ukipandishwa ungali mbichi, huporomoka.

Ufundi wote umo katika shingo ile. Ndege mkubwa hapenyi, na mayai hayaonekani kutoka nje. Lakini usalama huohuo ndio unaomvutia teleka mwenye kiuno cheupe, ambaye wengi humdhania kuwa mbayuwayu. Tazama miguu yake: mifupi mno, vidole vyote vinne vinaelekea mbele. Inafaa kung'ang'ania ukuta, si kutembea matopeni. Alichonacho ni manyoya anayoyadaka yakipeperuka hewani, pamoja na mate yanayonata. Kwa hayo anaweza kutandika chumba. Kuta kwa kawaida huzipata kwa mwingine. Basi humtoa mwenyewe na kuhamia. Ukiona manyoya yamegandishwa mdomoni mwa shingo, jua kiota kimebadili mkaaji.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa utegemezi huu uko Hispania. Katika miaka ya 1960 teleka huyu aligunduliwa akizaliana kusini mwa nchi hiyo, ndani ya viota vya mbayuwayu mwenye kiuno chekundu, ambaye naye hujenga kwa tope chumba chenye shingo. Makazi yake mapya yaliwezekana kwa sababu kuta zilikuwa zimeshajengwa.

Mbayuwayu mwenye mkia wa nyuzi yuko nje ya ugomvi huu kwa kiasi kikubwa. Hujenga nusu bakuli lililo wazi, mara nyingi karibu na maji, na teleka hana haja nalo. Mbayuwayu huyu hushindana zaidi na wa jamii yake, kwani jozi moja hufukuza nyingine. Wale mbayuwayu wageni kutoka Ulaya wanaojaa kwenye nyaya kati ya Oktoba na Aprili hawajengi huku kabisa.

Wenye nyumba wengi, wakimwonea huruma mjenzi, hukibomoa kiota kilichotekwa. Naona ni kosa kubwa. Teleka hubaki bila chumba na kutafuta kingine, pengine kile kipya kilicho jirani. Afadhali kiachwe, na mbayuwayu apewe mahali pa pili. Rangi laini ya mafuta haishiki tope, kwa hiyo acha sehemu ya lipu yenye mikwaruzo chini ya dari, mbali kidogo na kiota cha kwanza, na upigilie ubao chini yake wa kupokea kinyesi.