Sekunde 40 za Finestre

Mei 25, 2018, Chris Froome alivuka kilele cha Colle delle Finestre, kaskazini-magharibi mwa Italia, akiwa amemtangulia Tom Dumoulin kwa sekunde 40 hivi. Alipomaliza hatua ile ya 19 ya Giro d'Italia juu ya mlima Jafferau, pengo lilikuwa dakika 3 na sekunde 23. Kati ya vilele hivyo viwili palikuwa na mteremko, mlima mpole wa Sestriere, mteremko mwingine, kisha bonde refu la kuelekea Bardonecchia. Wanaoisimulia siku ile husimulia Finestre: vumbi, kona, umati wa watu na mtu mmoja aliyejikunja juu ya baiskeli. Nami naupenda mlima ule kuliko mlima wowote wa Ulaya. Lakini ukizichukua saa na kuzipanga kipande kwa kipande, utaona kwamba sehemu kubwa ya ushindi ilipatikana pale ambapo barabara ilikuwa rahisi.

Tuanze na hali ya asubuhi. Simon Yates alikuwa na jezi ya waridi, ya anayeongoza mbio, tangu hatua ya 6. Dumoulin alikuwa nyuma yake kwa sekunde 28. Froome alikuwa wa nne, dakika 3 na sekunde 22 nyuma, baada ya kuanguka Jerusalem akikagua njia kabla hata mbio hazijaanza, na kuhangaika karibu wiki mbili kabla ya kushinda juu ya mlima Zoncolan. Zilikuwa zimebaki siku mbili za milima. Jafferau, mlima wa mwisho wa siku ile, una urefu wa kilomita 7 na kidogo. Kwa waendeshaji wa daraja lile, kilomita 7 zinaweza kumpa mtu nusu dakika, au dakika moja akibahatika. Froome alihitaji karibu dakika 3 dhidi ya Dumoulin peke yake. Kwa hesabu hiyo, timu yake ya Sky haikuwa na haja ya kujadili kama ianze mapema. Swali lilikuwa ianzie wapi.

Finestre inaanzia Susa, mji ulio kwenye kimo cha mita 500 hivi, na kuishia mita 2,178. Ni kilomita 18.5 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 9.2, na wastani huo haudanganyi, kwa kuwa karibu hakuna mahali pa kupumzika. Kila mita 100 unazosogea mbele unapanda mita 9 na ushei. Nusu ya kwanza ni lami nyembamba yenye kona zilizobanana msituni. Kilomita 8 hivi za mwisho ni changarawe, mabaki ya njia ya kijeshi iliyokwenda kwenye ngome ya Fenestrelle upande wa pili.

Sasa tazama nguvu inakwenda wapi mahali kama hapo. Mpandaji wa kilo 70 mwenye baiskeli na vifaa vya kilo 8, akipanda kwa kilomita 17 kwa saa, anatumia wati 330 hivi kuinua uzito tu. Changarawe inakula wati 30 nyingine kwa msuguano, na upepo haufiki 20. Kwa hiyo kujificha mgongoni mwa mwenzako, silaha kuu ya mbio za baiskeli, hakukusaidii karibu chochote. Kila mtu anabeba mzigo wake. Hii ndiyo sababu mlima mkali huwachambua watu haraka, lakini pia ndiyo sababu tofauti kati ya walio bora kabisa hubaki ndogo: miili yao inakaribiana, na hakuna ujanja wa kuiongezea nguvu.

Ila uzito unaweza kupunguzwa. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, na nusu kilo kwenye mwinuko ule inadai wati 2 hivi. Ipeleke hesabu hiyo hadi kileleni, kwa mpando wa zaidi ya saa moja, utapata kama sekunde 20. Sky waliwapanga wafanyakazi wao kando ya barabara yote ya Finestre, kila baada ya dakika chache, wakiwa na chupa na chakula. Froome hakulazimika kubeba maji ya kumfikisha juu, bali ya kumfikisha kwa mtu anayefuata. Faida ya pili naiona kubwa zaidi. Mwili huhifadhi gramu 400 hadi 500 za wanga kwenye misuli na ini, na hatua ile ilidumu zaidi ya saa 5. Mtu anayetaka kukimbia peke yake kilomita 80 za mwisho lazima awe anakula tangu mapema, tena kwa mpangilio, maana tumbo halipokei chakula kingi kwa mkupuo wakati moyo unapiga karibu na kikomo chake. Atakayekumbuka kula akiwa tayari ana njaa amekwisha chelewa. Ule mstari wa watu wenye chupa ulikuwa ndio mpango wenyewe.

Halafu kuna kasi iliyotangulia. Wenzake Froome walishika usukani wa kundi kuanzia chini ya mlima, na wa mwisho kati yao, Mfaransa mdogo wa umbo Kenny Elissonde, alijimaliza kabisa kabla ya kupisha. Kasi ile ilifanya kazi mbili. Ilimvunja Yates, ambaye miguu yake iligoma mapema, akamaliza siku akiwa amepoteza dakika 38 na sekunde 51. Na iliwanyang'anya wapinzani wenzao. Dumoulin alipoinua kichwa, hapakuwa na mtu wa timu yake wa kumtuma mbele. Hapo ndipo Froome alipochomoka, juu ya changarawe, kilomita kama 5 kabla ya kilele na 80 kabla ya mwisho.

Itazame namna alivyochomoka. Hakusimama juu ya pedali. Kwenye changarawe yenye mwinuko, ukisimama uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linateleza na nguvu inapotea kwenye vumbi. Ukikaa, uzito unabaki juu ya gurudumu linalosukuma. Froome alikuwa na mtindo wake uliokejeliwa miaka yote, viwiko nje, macho chini, miguu ikizunguka upesi upesi kwenye gia nyepesi, na mlima huu ulikuwa kama umetengenezwa kwa mtindo huo. Wasomaji wa Kenya wanajua alikoanzia. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, akapanda na kushuka barabara za murram kwa baiskeli ya milimani, na mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Sidai kwamba Kikuyu ndiko kulikoshinda Giro. Nasema tu kwamba barabara ya vumbi haikumtisha mtu aliyejifunzia humo.

Pamoja na juhudi yote hiyo, kileleni alikuwa na sekunde zile 40. Nyuma yake walikuwa Dumoulin, Thibaut Pinot, Miguel Ángel López na Richard Carapaz. Mbele yao kulikuwa na kilomita zaidi ya 70. Kimahesabu Froome alikuwa amefanya kosa, kwa sababu kuanzia hapo sheria zinageuka. Kwenye tambarare, kwa kilomita 45 kwa saa, karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu yako zinakwenda kupambana na hewa, na anayekaa mgongoni mwa mwenzake anaokoa kama theluthi moja. Watu wanne wakipokezana zamu vizuri lazima wamkamate mmoja.

Hawakumkamata kwa sababu hawakupokezana. Kwenye mteremko, Dumoulin aliamua kumsubiri Sébastien Reichenbach, mwenzake Pinot, ili wapate mguu mmoja zaidi wa kuvuta bondeni. Reichenbach hakuwa mtelemkaji mzuri, nao wakatelemka kwa mwendo wake, huku Froome akizichukua kona kama mtu asiye na cha kupoteza. Pengo likapita dakika moja, likaikaribia ya pili. Nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote ya siku ile, ingawa naelewa lilivyozaliwa. Dumoulin alipima faida ya msaidizi lakini hakupima bei ya kumngoja. Sekunde zinazopotea mteremkoni kwa kusubiri hazina jasho, kwa hiyo haziumi wakati zinapotoka.

Kisha ikaja Sestriere, na baada yake bonde. López na Carapaz walikuwa wakigombea jezi nyeupe ya vijana. Kila mmoja alimwangalia mwenzake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwokolea Dumoulin Giro yake. Dumoulin akavuta, akageuka kuomba zamu, akavuta tena. Froome, aliye peke yake, hakuwa na wa kugombana naye. Alikaa kwenye kasi aliyojipangia na kula alichojipangia. Walipofika chini ya Jafferau pengo lilikuwa limezidi dakika 3, na juu ya mlima wenyewe, kilomita 7 zenye mwinuko wa asilimia 9, halikubadilika sana. Angalia tena hesabu hiyo: mlima wa kwanza ulimpa sekunde 40 hivi, wa mwisho ukampa karibu sifuri. Zaidi ya dakika 2 na nusu zilitoka katikati. Jioni ile alivaa jezi ya waridi kwa tofauti ya sekunde 40, na mbio zilipokwisha Roma alishinda kwa 46.

Ni haki pia kusema kwamba alikimbia siku ile akiwa na kesi mkononi. Sampuli yake ya mkojo kutoka Vuelta, mbio za Hispania, ya Septemba 2017 ilikuwa imeonyesha salbutamol, dawa ya pumu, juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Shirikisho la kimataifa, UCI, liliifunga kesi hiyo Julai 2, 2018 bila adhabu. Wapo ambao tangu siku hiyo hawajaweza kuitazama Finestre bila mashaka. Mimi nachambua kilichofanyika barabarani, na hicho kinaelezeka kwa saa na kwa jiografia.

Naamini hivyo zaidi kwa sababu kilirudiwa. Mei 31, 2025, Giro ilipanda Finestre tena, hatua ya 20, na mwisho wa siku ulikuwa Sestriere. Isaac del Toro wa timu ya UAE, kijana wa Mexico ambaye Septemba ya mwaka huohuo wengi wetu tulimwona Kigali akimfuata Tadej Pogačar kwenye mashindano ya dunia, alikuwa na jezi ya waridi. Carapaz alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43. Wa tatu, kwa dakika 1 na sekunde 21, alikuwa Simon Yates, yuleyule.

Safari hii Yates hakuwa mwenye kulinda. Timu ya Carapaz ilipandisha kasi chini ya mlima, Carapaz akashambulia, Del Toro akamganda. Yates aliwarudia polepole kwa mwendo wake mwenyewe, akajaribu, akajaribu tena, mwishowe akaondoka. Alipanda kwa muda usiofika saa moja. Kileleni alikuwa na kati ya dakika moja na mbili, na hiyo tayari ilitosha kumpa jezi kwenye karatasi. Lakini timu yake ya Visma ilikuwa imefanya jambo ambalo Sky hawakuwa nalo mwaka 2018: asubuhi ilimtanguliza Wout van Aert kwenye kundi la watoro. Van Aert alivuka Finestre mbele, kisha akamsubiri Yates. Tofauti na Dumoulin na Reichenbach, aliyesubiri alikuwa msaidizi, na aliyesubiriwa hakupoteza hata sekunde.

Mpando wa Sestriere kutoka upande ule una mwinuko wa chini ya asilimia 4. Ni mwinuko ambao mtu hodari anaupanda kwa kasi ya kutosha kwa hewa kuwa mzigo tena, hivyo kukaa mgongoni mwa mtu mkubwa kama Van Aert kunalipa. Nyuma, Del Toro na Carapaz walikuwa wawili, na wawili wenye nguvu wanaopokezana wangeweza kumbana Yates. Del Toro alifikiri kwamba akivuta, Carapaz atapumzika mgongoni mwake kisha atamshambulia. Carapaz alifikiri kwamba mwenye jezi ndiye mwenye wajibu wa kuilinda. Kila mmoja alikuwa sahihi kuhusu mwenzake. Chris Harper alishinda hatua, Yates akaingia wa tatu, nao Del Toro na Carapaz wakafika dakika 5 na ushei baada ya Yates. Kwa mara nyingine, zaidi ya dakika 3 zilikuwa zimeongezeka baada ya kilele, kwenye barabara ya lami ambayo haimtishi mpandaji yeyote wa daraja lao.

Carapaz alikuwa miongoni mwa wafukuzaji siku zote mbili. Mwaka 2018 alimaliza wa pili Jafferau, dakika 3 nyuma ya Froome. Mwaka 2025 alimaliza Giro akiwa wa tatu, dakika 4 na sekunde 43 nyuma ya Yates.