Mauaji Yasiyo na Mpelelezi: Tukiitazama White Shadow

Tamthilia za upelelezi zinapendwa na washarika wetu, wazee kwa vijana. Kwenye vibanda umiza vya Geita na Kahama, na siku hizi kwenye simu, watu hukesha wakimfuata askari mwenye uso wa huzuni anayemsaka muuaji sehemu baada ya sehemu. Hatuoni dhambi hapo. Tamthilia hizo zinakubaliana na Biblia kwamba damu ya mtu haipotei kwa kufukiwa. Tunachokitilia shaka ni mwisho wake: muuaji ni mmoja, anatiwa pingu, na mtazamaji anazima runinga akiwa hana deni.

White Shadow, filamu ya mwaka 2013 ya mwongozaji Noaz Deshe, haitoi nafuu hiyo. Ilipigwa hapa Tanzania, kwa Kiswahili, ikatuzwa katika tamasha la Venice. Alias, kijana mwenye ualbino anayechezwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama anampeleka mjini kwa mjomba wake Kosmos, na huko anachuuza simu, DVD na miwani ya jua. (Miwani hiyo, mikononi mwa mtoto ambaye jua ni adui wa ngozi na macho yake, inasema mengi kuliko mazungumzo yote.) Hakuna mpelelezi anayetushika mkono kutuvusha.

Wengi watailalamikia kwa kwenda polepole. Upole huo tunautetea, kwa kuwa hofu ya mtoto anayewindwa ni kungoja kuche, usiku baada ya usiku. Tusichokitetea ni kamera inayotikisika na kukimbia hovyo gizani, kana kwamba uovu huu ni wazimu. Si wazimu. Ni biashara, yenye mganga, dalali na bei, na inapangwa na watu waliotulia.

Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na sasa iko Geita. Tamthilia ingeishia hapo. Lakini kiungo hakikatwi bila mnunuzi, na mnunuzi hana haja ya kushika panga. Anaweza kuwa mtu aliyeambiwa na mganga kwamba duara lake litatoa dhahabu, au kura zitatosha. Anaweza kuwa na sadaka nono.

Ndivyo ilivyo hata kwa vikongwe wetu wa Usukumani, wanaokatwa mapanga kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mwizi wa ng'ombe akipita, mwano unapigwa na kijiji kizima kinatoka. Bibi akiuawa, asubuhi kila mtu alikuwa amelala fofofo.

Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inazungumzia maiti iliyokutwa kondeni, muuaji asijulikane. Sheria haisemi jalada lifungwe. Wazee wanatoka na kupima umbali mpaka miji iliyo kando kando, na wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio wanaosimama mbele za Mungu, wananawa mikono juu ya mtamba na kutamka kwamba hawakumwaga damu ile wala hawakuona. Tamko hilo ni zito. Mzee aliyesikia bei ikitajwa kilabuni hawezi kulitamka.

Tungependa White Shadow ionyeshwe kwenye kumbi za sharika zetu, watoto wadogo wakiachwa nyumbani, na mtu wa kuwafasiria bibi zetu kwa Kisukuma awepo. Wazee wa kanisa wakae mbele, na wenye maduara wapewe viti kando yao. Taa zikiwashwa, mchungaji asihubiri. Asome tu mistari ile tisa, kisha aulize ni sharika gani ilikuwa karibu zaidi.