Riwaya ya Upelelezi Katika Ofisi ya Mawakili: Namna ya Kuipima

Ukitaka kujua kama riwaya ya mpelelezi katika ofisi ya mawakili imeandikwa na fundi, usiikimbilie maiti. Tazama faili. Maiti inaweza kuokotwa popote: hotelini, ufukweni, kwenye buti la gari. Ofisi ya wakili ina jambo ambalo kwingine ni nadra, yaani karatasi ambazo mtu yuko tayari kuua ili zipotee, pamoja na kiapo cha siri kinachomfunga mdomo hata mwenye nia njema.

Kipimo changu cha kwanza ni kukihamisha kisa. Nakichukua nikipeleke benki au kiwanda cha sabuni. Kikienda vilevile, ofisi ilikuwa pambo tu. Michael Gilbert, ambaye mwenyewe alikuwa wakili London, alitoa mwaka 1950 riwaya ya Smallbone Deceased, ambamo maiti ya mdhamini wa amana inakutwa ndani ya sanduku la chuma la hati za mteja. Jaribu kulihamisha sanduku hilo uone. Ni wapi pengine ambapo sanduku kubwa hukaa muda mrefu bila kufunguliwa, na hakuna anayeuliza? Dorothy L. Sayers naye, katika Unnatural Death ya 1927, aliifanya sheria yenyewe kuwa chanzo cha mauaji: utaratibu mpya wa mirathi ulikuwa uanze kutumika Uingereza Januari 1926, na mtu mmoja aliona heri mgonjwa afe kabla ya hapo. (Nimeimwaga siri, lakini kitabu kinakaribia miaka mia, mliochelewa mtanisamehe.)

Sasa tuilete kazi hiyo Bujumbura, mtaa wa Asiatique. Wabelgiji waliugawa mji kwa rangi za watu, na hapa ndipo walipowekwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, jina likabaki. Tuseme ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vipuri. Mwandishi anayeiga sinema atamketisha wakili mbele ya familia iliyovaa nguo nyeusi, amsomeshe wosia kwa sauti nzito. Hapo mimi hufunga kitabu. Nchini Burundi mambo ya urithi yameendeshwa kwa mila miaka mingi, bila sheria maalumu iliyoandikwa, na ugomvi huanzia kwa wazee wa ukoo kabla haujapanda ngazi za wakili. Anayejua kazi yake atauacha wosia, atafute mkataba wa mauzo au hati ya deni.

Halafu atasikiliza lugha. Katika ofisi kama hiyo makubaliano hufanywa kwa Kiswahili, shahidi akaeleza kwa Kirundi, na hati ikaandikwa kwa Kifaransa. Kati ya lugha hizo tatu uongo una nafasi ya kutosha kujinyoosha, na mtu wa kumtilia shaka ni karani anayetafsiri, yule ambaye kila mmoja humpita mlangoni bila kumsalimu. Riwaya inayowafanya watu wote wazungumze Kiswahili kimoja safi cha vitabuni imejinyang'anya mtuhumiwa wake bora.

Dalili nayo ichunguzwe kwa karibu. Mpelelezi anapewa mkataba wa kuuza duka, tarehe ni Machi 2011, sahihi zipo, muhuri umepigwa sawasawa. Muhuri unasema Mukaza. Mwaka 2011 hakukuwa na tarafa ya Mukaza: Asiatique ilikuwa chini ya Rohero, na Mukaza ilikuja baadaye, tarafa 13 za mji zilipounganishwa kuwa tatu. Hati ni ya kughushi. Fundi ataitaja Mukaza mapema, kwa mkato, mpelelezi akingojea chai, kisha anyamaze kurasa mia mbili. Akilitoa jina hilo ukurasa wa mwisho tu, amekuibia. Hati ya 1958 nayo isome Usumbura. Jina la Bujumbura lilikuja na uhuru, 1962.

Jihadhari pia na moto. Soko kuu la Bujumbura liliungua Jumapili, Januari 27, 2013, na mwandishi mvivu ataitupa humo kila karatasi inayomsumbua. Mwandishi makini ataacha mtu mmoja aulize: hati iliyotakiwa kukaa kabatini kwa wakili ilifuata nini sokoni Jumapili?

Kuhusu mpelelezi mwenyewe sina mengi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea na ninampenda, lakini ngumi zake hazifungui faili. Hapa anafaa zaidi mtu wa aina ya Bwana Msa, ambaye Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: wengine wanazungumzia mizimu, yeye anavuta kiko na kumtafuta binadamu. Mpelelezi asiye polisi hana haki ya kupekua kabati la mtu. Akilivunja usiku, na kesho yake hati hiyo ipokelewe mahakamani bila mtu kupinga, ujue mwandishi hajawahi kumuuliza wakili swali hata moja. Nataka pia kujua nani anamlipa. Akilipwa na mkuu wa ofisi, kwa nini anaonyeshwa mafaili haya na kunyimwa yale?

Ukiikuta riwaya ya namna hii dukani, ifungue pale hati ya kwanza inapotajwa. Kama hati hiyo haina tarehe wala muhuri, wala huambiwi imeandikwa kwa lugha gani, irudishe rafuni ununue Bwana Msa.