Nikolaiviertel: Mapambo Yaliyotoka Kiwandani

Wachambuzi wengi huuona usanifu wa usasaleo kama mali ya Marekani na Ulaya Magharibi. Wakikuta mapaa ya mgongo na baraza za matao Berlin Mashariki, husema ni mwigo uliopenya ukuta. Mtaa wa Nikolaiviertel, uliojengwa upya kati ya 1980 na 1987 kwa mpango wa Günter Stahn, unaipinga hoja hiyo, na ushahidi umo katika kuta zenyewe. Nyumba chache zilirudishiwa sura zake za kale kulizunguka kanisa la Mtakatifu Nikolai, lililoharibiwa kwa mabomu. Zilizobaki, hasa za pembezoni, ni mabamba ya zege yaliyomiminwa kiwandani na kupangwa kwa kreni. Tangu 1973 serikali ya Ujerumani Mashariki ilikuwa imeahidi kumaliza shida ya makazi ifikapo 1990, na viwanda, malori na mafundi wote waliwekwa kulitumikia bamba. Wasomaji wa Zanzibar wanaoyajua majumba ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa nchi hiyo baada ya Mapinduzi, wameishi na ndugu wa fikra hiyo: nyumba nyingi, upesi, kwa umbo moja. Stahn hakuukimbia mfumo huo. Aliulazimisha uzae vilele vya pembetatu, madirisha yanayochomoza na matao. Maungio ya mabamba yanaonekana wazi mpaka leo, nami naona huo ndio uungwana wa kazi yake, kwani jengo halikani lilikotoka.

Kuna wanaosema mtaa huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wa sherehe za miaka 750 ya Berlin, mwaka 1987. Ni kweli kwa sehemu. Kasri la Ephraim, lililobomolewa miaka ya 1930, lilisimamishwa tena kando kidogo ya mahali pake, kwa vipande vya uso wake vilivyokuwa vimehifadhiwa Berlin Magharibi. Kilabu cha Zum Nussbaum kilijengwa hapo ingawa asili yake ni kisiwa cha jirani. Huko ni kuipanga historia upya, wala sikutetei. Hata hivyo, sherehe inaeleza fedha zilikotoka, haielezi namna ya kujenga. Tena nyuma ya vilele hivyo kuna fleti zipatazo 800 ambamo watu walipika, walilea na kulala. Mwaka 2018 Berlin iliuweka mtaa huo, mabamba yake yakiwemo, chini ya ulinzi wa sheria ya urithi.